Mlima Ulioandikwa Daftarini

Jumamosi saa tatu asubuhi, siku ya nne tangu Ottilie Brandt aondoke nyumbani asirudi, Chama cha Okidi cha Kilbrack kilifungua maonyesho yake ya vuli. Sajini Imelda Rourke aliingia ukumbini na matope ya Mlima Callan bado yamo kwenye buti zake. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeusi, vyungu vimepangwa kwa ukubwa na kwa rangi, na waamuzi wawili walipita katikati na vibao vyao vya kuandikia, wakinong'ona kama watu waliofika msibani. Jikoni mtu alikuwa akikata keki. Hakuna aliyecheka.

"Tungeahirisha," mzee wa mlangoni alimwambia bila kuulizwa. "Ila maua hayaahirishwi, Sajini. Yakifunguka yamefunguka."

Clem Brandt, mumewe Ottilie, alikuwa amekaa kiti cha mwisho ukutani. Alikuwa na miaka sabini na minne, na shati lilelile la juzi. Mapajani alipakata mfuko wa baridi wa rangi ya buluu, wa aina ya kubebea chakula cha matembezini. Ndani yake mlikuwa na insulini ya mkewe.

"Gari limeonekana?"

"Bado, Clem."

"Nimebadilisha barafu saa kumi na mbili."

"Umefanya vizuri."

"Ikipata joto inaharibika," Clem akasema. "Akipatikana, haitamfaa."

Imelda alimgusa bega, akapita. Daktari alimwambia jana bila kuzungusha maneno: mgonjwa wa kisukari kama Ottilie, akikosa sindano zake, ana siku tatu. Nne, kama ana maji na ana bahati. Ottilie alitoka Jumatano alfajiri na sindano ya asubuhi tu mwilini, akisema atarudi kula chakula cha mchana.

Na saa moja iliyopita Inspekta Vandenberg, mkuu wa msako, alimvuta kando kule Callan. Watu arobaini, mbwa wanne, helikopta, tangu Alhamisi. Hawajapata hata alama ya kiatu. Daftari la Ottilie la maua lilisema wazi kwamba safari zake zote za mwaka huu zilikuwa Callan. Lakini gari lake halikuwepo Callan, wala njia yoyote ya kwenda huko.

"Huyu mama hakupotea," Vandenberg alisema. "Kuna mtu amemwondoa, na gari lake. Wingu linashuka, Imelda. Saa kumi jioni nateremsha watu wangu. Nenda kambane mtu wako."

Mtu wake, mshukiwa pekee aliyekuwa naye, alikuwa Dario Santarossa.

Alimkuta kwenye meza ya okidi za porini, akimwagilia kwa chupa ya kupulizia, mzee mnene mwenye vidole vilivyokomaa kwa miaka arobaini ya shamba la miwa. Dario alimwona, akaweka chupa chini.

"Leo umekuja bila pingu?"

"Ziko garini."

"Basi twende kule nyuma. Hapa utanitisha maua."

Walisimama kwenye stoo nyuma ya jukwaa, kati ya viti vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Imelda alifungua kijitabu chake.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nilikwambia Alhamisi. Jana ukaja tena, nikakwambia tena. Kwa daktari wa meno. Nikufungulie mdomo uhesabu?"

"Ulitoka kwa daktari saa nne asubuhi. Baada ya hapo?"

"Nililala. Nusu ya uso wangu ilikuwa imekufa ganzi. Jirani yangu pekee ni miwa, kamwulize."

"Mwezi uliopita ulimwita Ottilie mwongo mbele ya watu thelathini."

"Nilimwita."

"Kwa sababu alikushinda utepe wa kwanza."

Dario alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua hunyesha kwenda juu. "Utepe? Ninazo tepe za kufungia punda. Nilimwita mwongo kwa sababu alidanganya."

"Alidanganya nini?"

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Unajua, Sajini, umekuja kwangu mara tatu. Umepekua banda langu, umeangalia chini ya pikapu yangu. Mara zote umeniuliza mimi nilikuwa wapi. Hata mara moja hukuniuliza yeye alikuwa wapi."

"Nakuuliza sasa."

"Sijui. Ila si Callan."

Kalamu ya Imelda ilisimama.

Dario alimrudisha ukumbini hadi mwisho wa meza, mahali palipowekwa mimea ya Ottilie. Alikuwa ameileta Glenys Pottinger, katibu wa chama, ili nafasi ya rafiki yake isibaki tupu. Mmoja haukuwa ndani ya chungu. Ulikuwa umeshika kwenye kipande cha gome la mti, kikubwa kama sahani, mizizi yake myeupe imekumbatia gome hilo kama vidole. Maua yake yalikuwa madogo, rangi ya maziwa, mengi. Lebo ilikuwa na mwandiko wa mwalimu wa zamani, uliosimama wima: *Mlima Callan, mita 1040. Kutoka tawi lililoanguka.*

"Shika hilo gome," Dario alisema. "Usiguse ua. Gome. Sasa nusa."

Imelda alinusa. Harufu ilikuwa kali, ya utomvu. Gome lilikuwa na vishimo vya mviringo, kama limegongwa kwa nyundo ndogo.

"Kauri," Dario akasema. "Si ya vikombe; ni mti, mkubwa kuliko kanisa. Mimi nimezaliwa chini ya Callan. Babu yangu ndiye aliyekata kauri ya mwisho mle, akaisifia mpaka anakufa. Hii sakafu unayoikanyaga ni ya mti huo. Callan haina kauri miaka themanini sasa. Basi niambie hilo tawi lilianguka kutoka wapi, mbinguni?"

"Na hukusema."

"Nilisema! Nilisema mbele ya watu thelathini, wakaniambia nina wivu."

"Hukuniambia mimi, Dario. Watu arobaini wako juu ya mlima usio wenyewe."

Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka.

"Nilidhani mnajua. Sisi sote tunahamisha mlima. Kila mwenye okidi za porini hapa ndani, hata huyo mwamuzi mwenye tai. Ukiandika mahali pa kweli, siku daftari likiibiwa wanakuja na magunia. Jabali la Sefton walilikwangua Ijumaa mpaka Jumapili, halikubaki hata jani. Kwa hiyo unaandika mlima mwingine. Ni kawaida kama kufunga mlango. Nilidhani daftari mmeliweka kando, Clem amewaambia alikokwenda. Mke hamdanganyi mumewe."

"Clem alisema Callan."

"Basi na yeye alihamishiwa mlima."

Imelda aliitazama saa. Saa tatu na dakika thelathini na tano. "Kauri zimebaki wapi?"

"Huku kwetu? Milima mitano. Sita, ukihesabu uwanda wa juu."

"Nina helikopta moja na wingu linashuka. Hizo mita 1040 nazo ni uongo?"

"Hapana. Mita ni za kweli. Mlima unaweza kuudanganya, baridi huwezi. Usipojua ua limetoka urefu gani, litakufia kibandani."

Imelda alifunua kijitabu chake kurudi nyuma mpaka maelezo ya Alhamisi, yale yaliyochukuliwa na konstebo wake kwa rafiki wa karibu wa aliyepotea. Aliyasoma akiwa amesimama, watu wakipita kando yake na vikombe vya chai. *Swali: Ottilie huenda Callan? Jibu: Daftari linasema Callan. Swali: Kuna mahali pengine anapopendelea? Jibu: Hilo ni la kumwuliza yeye.* Alikuwa ameyasoma mara mbili kabla ya leo. Maswali mawili yaliulizwa, na hakuna hata moja lililojibiwa.

Alilibeba lile gome kwa mikono miwili, akaenda jikoni.

Glenys Pottinger alikuwa peke yake, akikata keki za chokoleti na nazi katika vipande vya mraba, vyote sawasawa kana kwamba amevipima kwa rula. Alikuwa katibu wa chama kwa miaka kumi na tisa. Hakuinua macho.

"Chai iko kwenye birika kubwa, Sajini. Jihudumie."

Imelda aliweka gome mezani, kando ya keki. "Hili ni la mti gani?"

Kisu kilikata kipande kimoja zaidi, kikasimama.

"Mimi ni mtu wa maua. Miti siijui."

"Dario anaijua. Glenys, uliwahi kufuatana na Ottilie porini?"

"Zamani."

"Mkaenda wapi?"

"Nina watu mia wanaotaka chai saa nne."

"Ana siku nne hana dawa," Imelda alisema polepole. "Daktari alinipa siku nne. Sina nyingine ya kukuazima."

Glenys aliweka kisu chini. Alikifuta kwanza, halafu akakiweka chini. Uso wake haukubadilika, ila shingo ilipanda wekundu kuanzia kwenye kola.

"Jumatano jioni nilidhani atarudi mwenyewe," alisema. "Huwa anachelewa. Akipata ua husahau saa. Alhamisi asubuhi nikasikia mmeita watu arobaini. Arobaini, Sajini, na buti na mbwa. Ni korongo dogo. Mtu mmoja akiteleza pale, ameng'oa mmea ulioanza kuota kabla mama yangu hajazaliwa. Na wakishaona, watapiga picha, wataonyesha wenzao. Jumatatu pamekwisha. Nilimwapia. Alinipeleka mara moja tu, nikamwapia."

"Hiyo ni Alhamisi."

"Alhamisi nilijua ni mtu mzima, ana filimbi, ana maji."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ningesemaje?" Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ningekuja kwako nikwambie nilijua tangu jana? Nilikaa kwenye simu, nikaishika. Nikasema nikiamka kesho watakuwa wamempata. Kila saa iliyopita ilifanya iliyofuata iwe ngumu zaidi."

"Wapi?"

Aliyeuliza hakuwa Imelda. Clem alikuwa amesimama mlangoni, kikombe kitupu mkono huu, mfuko wa buluu mkono ule.

Glenys alimgeukia.

"Mlima Dorrity. Ng'ambo ya mto. Siku ile tuliyokwenda, usiku wake aliandika Callan mbele yangu, akacheka. Dorrity yote huiandika Callan."

"Aliniambia Callan," Clem alisema. "Alinibusu hapa, akasema nakwenda Callan."

"Alikuwa akiwaficha wezi mlima wenyewe, Clem. Hakukuficha wewe."

"Aliyeambiwa ni mimi."

Imelda alikwishatoka kwa mlango wa nyuma, redio mdomoni.

Vandenberg alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema mambo matatu, na yote yalikuwa mabaya. Wingu lilikuwa limeifunika Dorrity kuanzia nusu kwenda juu, rubani asingeweza kuona kitu. Watu wake wangehitaji saa tatu kushuka Callan na kuzunguka hadi darajani. Na ramani ilionyesha njia moja tu ya gari kupanda Dorrity, ya wakata magogo wa zamani, iliyofungwa.

"Nani yuko karibu?" akauliza.

"Mimi."

"Na gari gani?"

Imelda alilitazama gari lake la polisi, lililokaa chini kama mende. Nyuma yake Dario alikuwa ametoka, funguo zikining'inia kidoleni.

"Ukishamaliza kuangalia chini ya pikapu yangu," alisema, "unaweza kupanda juu yake."

"Dario, kuhusu hizi siku tatu..."

"Utaniomba radhi baadaye, na uniombe vizuri. Panda."

Glenys alipanda nyuma bila kuitwa, maana yeye peke yake aliyajua maegesho. Clem alipanda upande wa pili, akaweka mfuko kati yao kama ukuta. Safari nzima hakumtazama.

Kwenye geti la njia ya magogo palikuwa na kufuli kubwa la serikali. Imelda alikuwa akitafuta nyundo, Glenys akateremka, akatoa ufunguo kwenye pochi yake, akafungua.

"Huo ufunguo mmeupata wapi?"

"Kila mwanachama wa zamani anao. Usiniulize leo, Sajini."

Dhoruba ya mwezi uliopita ilikuwa imelegeza mizizi ya miti, na mingine ilikuwa imeanguka barabarani baada ya Ottilie kupita. Mara mbili Dario aliteremka na chensoo, msumeno wake wa injini, akakata, wanawake wakasukuma vipande pembeni. Clem naye alishuka kusukuma, mfuko umening'inia shingoni. Kufika mita mia nane wingu likawaingia. Dario aliwasha taa, mchana kweupe, akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

"Hapa," Glenys alisema. "Simama hapa. Kushoto."

Imelda hakuona kitu ila vichaka. Glenys alivishika kwa mikono miwili, akavivuta. Vilikuwa matawi yaliyokatwa, majani yake yamekwisha kunyauka, na nyuma yake lilikuwepo gari dogo la kijani la Ottilie Brandt. Hata helikopta ingepita juu yake mara mia bila kuliona.

"Sote tunaficha gari," Dario alisema kwa sauti ya chini. "Mtu asije akakufuata."

Milango ilikuwa imefungwa. Kwenye kiti cha mbele, kupitia kioo, waliona kisanduku cha chakula na chupa ya chai. Kisanduku hakikufunguliwa. Clem aliweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa, akakiondoa.

"Hajala tangu Jumatano," alisema.

Imelda alifungua ramani ya simu. Hapa palikuwa mita 860. "Glenys, korongo ulilopelekwa lilikuwa urefu gani?"

"Mia tisa. Hili jipya sijaliona. Nasema kweli."

"Nakuamini. Tunapanda hadi elfu moja na arobaini. Tukifika hapo hatupandi tena wala hatushuki. Tunatembea kwa safu, hatua kumi kati ya mtu na mtu, tunauzunguka mlima kwa urefu huohuo mpaka tuone kauri. Dario, chukua chensoo. Huenda amebanwa."

Walipanda. Imelda alisoma namba kwa sauti ili Clem azisikie: mia tisa na kumi, mia tisa na themanini. Matope yalivuta buti. Ruba waliwapanda miguuni na hakuna aliyesimama kuwaondoa. Kwenye elfu moja, Clem alikaa chini juu ya mzizi, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Nipe mfuko, mzee mwenzangu," Dario alimwambia. "Ubaki hapa."

"Mfuko sikupi."

"Basi nipe mkono."

Alimvuta juu.

Kwenye mita 1040 walijipanga, wakaanza kutembea. Kila hatua hamsini Imelda aliinua mkono, wote wakasimama, akapuliza filimbi, wakasikiliza. Maji yakidondoka. Ndege mmoja. Tena hatua hamsini. Walifanya hivyo mara tisa. Mara ya kumi harufu ya utomvu ikawajia kabla ya mti wenyewe, kisha shina likatokea kwenye wingu, nene kama nyumba, limejaa vishimo vya nyundo.

"Kauri," Dario alisema.

Ya pili ilikuwa imelala. Dhoruba ilikuwa imeing'oa na mizizi, nayo ikaporomosha upande mmoja wa korongo. Matawi yake yaliyovunjika yalikuwa meupe kwa maua. Maua madogo, rangi ya maziwa, maelfu, mengine bado hai juu ya gome.

Imelda alipuliza. Hakuna kitu. Akainua mkono ili waendelee, na Clem hakuendelea.

"Pale," alisema.

Lilikuwa koti, rangi ya udongo, chini ya tawi. Ottilie alilala kwa ubavu, mguu wa kulia umeingia kati ya matawi mawili na moja limeteremka juu yake. Filimbi ilikuwa mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka. Imelda alipiga magoti, akaweka sikio kinywani mwake. Pumzi ilikuwepo, ya haraka, nzito, yenye harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi.

"Yu hai," alisema kwenye redio. "Vandenberg, yu hai. Nipe daktari."

Mhudumu wa dharura aliingia hewani. Aliuliza, Imelda akajibu. Clem alimchoma mkewe kidole kwa sindano ndogo, akaweka tone kwenye kipimo. Kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake. Mhudumu alitaja dozi, ndogo kuliko Clem alivyotarajia, akairudia mara mbili. Clem alifungua mfuko. Barafu ilikuwa bado ngumu. Alivuta dozi ile, akamchoma mkewe.

"Ottilie," alisema. "Ottilie, ni mimi. Nimekuja Dorrity."

Kope zilicheza, zikatulia.

"Hiyo inampa muda mdogo," sauti ya redioni ilisema. "Anahitaji maji ya mishipa. Anayahitaji sasa hivi."

Dario alikata tawi. Alilikata kwa vipande vyembamba, msumeno ukipita shibri moja juu ya mguu wa Ottilie, na alipomaliza alirudi nyuma, akaiweka chensoo chini maana vidole havikuweza tena kuishika.

Kisha Vandenberg. Wingu lilikuwa limepasuka upande wa kaskazini. Rubani alikuwa angani, alikuwa na dakika ishirini, pengine chini ya hapo. Angeteremsha kamba. "Lakini nahitaji tundu, Imelda. Mita kumi kwa kumi, wazi mpaka juu. Bila hivyo machela haipiti."

Imelda aliinua macho. Kauri ilipoanguka iliacha uwazi, ila si wa kutosha. Kando ya uwazi huo ilibaki miti mitatu myembamba, iliyokingwa na dhoruba na mgongo wa korongo. Hakuna gome lililoonekana kwenye hata mmoja. Kutoka chini hadi juu ilikuwa imevikwa okidi, zimekaa zikipandana, mashada yananing'inia. Hapo ndipo mahali penyewe. Maua yaliyokuwa kwenye mti ulioanguka yalikuwa yanakufa tayari. Haya yalikuwa ndiyo yaliyobaki.

Dario aliitazama, akaitazama mikono yake. "Nipeni dakika moja," alisema. "Mikono inakataa."

Helikopta ilisikika kwa mbali.

Glenys alikuwa amesimama pembeni tangu walipofika. Hakumsogelea Ottilie, ni kama alikuwa hajapewa ruhusa. Sasa alikuja, akainama, akaiokota chensoo.

"Nimekulia kwenye kiwanda cha mbao cha baba," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Sogeeni."

Ilikataa mara mbili kuwaka, ya tatu ikanguruma. Alikata mti wa kwanza chini, kwa mkato wa mtu anayejua. Ulipoinama maua yalitikisika yote kwa pamoja, kisha ukaanguka, na ardhi ikawa nyeupe. Glenys alizima mashine. Alibaki ameyatazama maua, mabega yakipanda na kushuka. Akageuka kumtafuta Clem kwa macho. Labda alitaka neno lolote.

Clem alikuwa amekaa matopeni, kichwa cha mkewe mapajani, kiganja chake juu ya paji la uso wake. Hakumtazama Glenys usoni. Aliutazama mti wa pili, akauonyesha kwa kidevu.

"Na ule," alisema.